Kupima utayari wa watu kulipia huduma za kinga: mwongozo kwa zahanati na vituo vya afya

Mtu anayeumwa jino usiku kucha hapatani bei na daktari. Mtu asiyeumwa popote, anayeambiwa atoe shilingi 5,000 apimwe presha ambayo haisikii mwilini, hukumbuka kwanza unga, umeme wa LUKU na ada ya mtoto. Ndiyo maana bei ya huduma ya kinga haiwezi kupangwa kwa kuangalia bei za tiba, wala kwa kuuliza zahanati jirani wanatoza ngapi.

Mwongozo huu ni wa mganga mfawidhi, mmiliki wa zahanati binafsi, kituo cha dini au mradi wa jamii nchini Tanzania anayetaka kuanzisha upimaji wa presha na sukari kwa malipo. Tumeshika mfano huo mmoja toka mwanzo hadi mwisho. Njia ni ileile kwa uchunguzi wa macho au usafishaji wa meno.

Kwanza: je, utoze kabisa?

Chanjo za mpango wa taifa, ikiwemo ya HPV (kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi) kwa wasichana, hazitozwi. Sera ya kuchangia huduma pia inawasamehe wajawazito, watoto wa chini ya miaka 5 na wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo. Kama huduma yako iko hapo, funga daftari la bei.

Kwa zilizobaki, fahamu kwamba shilingi inayopoteza watu wengi kuliko zote ni ile ya kwanza. Katika kliniki za wajawazito za magharibi mwa Kenya, watafiti waligawa vyandarua vyenye dawa kwa bei tofauti zilizochaguliwa kwa bahati nasibu. Bei ilipopanda kutoka bure hadi shilingi 40 za Kenya, waliochukua walipungua kwa pointi 60 za asilimia. Tena waliolipa hawakulala ndani ya chandarua zaidi ya waliopewa bure, kwa hiyo ile hoja kwamba “cha bure hakithaminiwi” haikusimama. Huko Busia, dawa za minyoo kwa wanafunzi zilipoanza kuchangiwa na wazazi mwaka 2001, watoto waliozipata walishuka kutoka asilimia 75 hadi 18. Mchango wenyewe ulikuwa mdogo, wastani wa senti 30 za dola kwa mtoto.

Kwa hiyo toza kwa sababu bila malipo huduma itakufa ukiishiwa stripu (vipande vya kupimia sukari), siyo kwa kuamini kwamba malipo yatamfundisha mtu kuthamini afya yake.

Jua mtu mmoja anakugharimu kiasi gani

Tenganisha gharama za aina mbili. Ya kwanza hupanda kwa kila anayepimwa: stripu moja ya sukari, kisindano cha kutobolea kidole, pamba na spiriti, glavu, kadi ya majibu, na sehemu ya boksi la kutupia vyenye ncha kali. Ya pili ipo hata asipokuja mtu: mashine ya presha, glukomita (mashine ya kupimia sukari), betri, saa za muuguzi.

Kwenye stripu ndipo hesabu nyingi huharibika. Mkebe wa stripu 50 usiuhesabu kama watu 50. Nyingine hukataa kwa sababu damu ilikuwa ndogo, nyingine hutumika kuhakiki mashine, kwa hiyo panga kwa watu 45. Mkebe ukishafunguliwa unyevu huanza kuzila stripu, na chapa nyingi hutaka ziishe ndani ya miezi michache bila kujali tarehe iliyoandikwa chini ya mkebe. Ukipata wateja 5 kwa mwezi, utatupa nyingi kuliko ulizotumia. Halafu stripu za mashine moja haziingii nyingine: usinunue glukomita ya bei chee kabla ya kujua stripu zake zinapatikana wapi mjini kwako na kwa bei gani.

Katika mfano wetu tuchukulie gharama ya aina ya kwanza imetoka shilingi 1,400 kwa mtu. Weka yako.

Andika hasa unachouza

Ukimuuliza mtu “ungelipa ngapi kwa uchunguzi wa afya”, kila mmoja atajibu kuhusu kitu anachokiwaza mwenyewe. Mmoja anawaza picha ya kifua, mwingine anawaza UKIMWI. Andika kadi ya maneno yasiyozidi mia, isomwe vilevile kwa kila mtu:

“Utakaa umepumzika dakika 5, kisha tutakupima presha mara mbili. Tutakutoboa kidole na kupima sukari. Utapewa majibu yako kwenye kadi na kuelezwa maana yake. Presha ikifika 140 kwa 90 au zaidi, au sukari ikiwa juu, utarudi siku nyingine kurudiwa kipimo bila kulipa tena. Itachukua kama dakika 20. Dawa, kama zitahitajika, hazimo katika malipo haya.”

Sentensi ya mwisho usiikwepe. Watu wengi hukataa kupimwa kwa hesabu yao wenyewe: “Nikikutwa na presha, dawa za kila mwezi nitazitoa wapi?” Ukificha, utapata ndiyo nyingi kwenye dodoso na viti vitupu siku ya huduma. Ni vizuri zaidi kuwa na jibu tayari: dawa zipo wapi, zinagharimu kiasi gani kwa mwezi, na bima gani zinakubaliwa. Mwenye bima naye ana swali lake la haki, kwa nini alipe mfukoni kitu ambacho tayari anakichangia. Mjibu kabla hujamtajia bei.

Hatua ya 1: tafuta bei za kujaribu

Zungumza na watu 15 hadi 20 wa umri wa miaka 40 na kuendelea: sokoni, kwenye kijiwe cha bodaboda, kwenye kikoba, baada ya ibada. Wasomee kadi, kisha uliza maswali mawili. Bei gani ingekufanya useme ni rahisi mno, labda vipimo ni vibovu? Bei gani ingekufanya ugeuke uondoke? Utaona majibu yanajikusanya. Chagua bei 5 zinazotanda kuanzia ile ambayo karibu kila mtu anaikubali hadi ile ambayo karibu kila mtu anaikataa. Katika mfano wetu ni 1,000, 2,000, 3,000, 5,000 na 8,000. Chagua bei zinazolipika kwa noti na sarafu zilizopo mfukoni. Bei ya 2,350 itakupa ugomvi wa chenji tu.

Hatua ya 2: dodoso

Usiwahoji waliokaa kwenye benchi la zahanati peke yao. Hao wameshalipa nauli, wameshaamua kuja, na wengine wanaumwa. Utayari wao ni wa juu kuliko wa mtaa mzima. Chukua orodha ya kaya kwa mwenyekiti wa kitongoji au mtaa na uchague kaya kwa kuruka, mfano kila ya saba. Nusu ya siku za kazi ziwe jioni au Jumamosi, la sivyo utakutana na walio nyumbani mchana tu.

Swali la wazi, “ungelipa shilingi ngapi?”, liepuke. Watu wetu wamezoea kupatana bei. Ukiwauliza hivyo wanadhani biashara imeanza, na muuzaji hufunguliwa kwa bei ya chini. Njia ya kupandisha kidogo kidogo kama mnada nayo ina kasoro yake: aliyeanziwa 1,000 huishia chini, aliyeanziwa 8,000 huishia juu, hata kama ni ndugu wa nyumba moja wenye kipato kimoja.

Njia tunayoipendekeza ni bei moja kwa mtu mmoja. Kila mhojiwa anatajiwa bei moja kati ya zile 5, aliyopangiwa kwa bahati nasibu, na anajibu ndiyo au hapana. Andaa bahasha zilizofungwa na zenye namba. Zipange katika mafungu ya 10, kila fungu likiwa na bahasha 2 za kila bei, uchanganye ndani ya fungu. Hivyo hata kazi ikikatika katikati kwa mvua, kila bei imeulizwa karibu sawa. Bahasha ifunguliwe mbele ya mhojiwa baada ya kadi kusomwa. Mdodosaji akiijua bei mapema, mara nyingi bila kukusudia atampelekea mwenye nyumba ya nyasi ile ya 1,000 na mwenye bati ile ya 8,000. Hapo utafiti umekwisha.

Maneno ya mdodosaji yawe hivi, baada ya salamu na ridhaa:

“Mama, bei hii haina maelewano. Hainihusu mimi, wala hakuna jibu baya. Watu wengi tukiulizwa hivi husema ndiyo kwa sababu pesa haijatoka mfukoni. Naomba ufikirie kama vile unatoa leo, na fikiria kitu ambacho hutakinunua kwa sababu umelipa hapa. Huduma hii ingekuwa shilingi 3,000, ungelipa upimwe ndani ya wiki mbili zijazo?”

Akisema ndiyo, uliza ana uhakika kiasi gani, kuanzia 1 hadi 10. Wakati wa kujumlisha, hesabu kama ndiyo wale waliosema 8 na kuendelea. Sababu yake ni ndiyo ya heshima: mgeni amekuja na koti jeupe, ameamkia vizuri, ameketi mkekani, kumkatalia usoni ni utovu wa adabu. Kwa hiyo koti jeupe lisivaliwe, na mdodosaji asiwe muuguzi wa zahanati hiyohiyo.

Akisema hapana, uliza kwa nini, na uandike maneno yake mwenyewe. Hapana ni za aina nyingi. “Sina” ni tofauti na “sina leo, nitakuwa nayo tukiuza mpunga”. “Siumwi” ni suala la maelezo, siyo la bei. “Naogopa majibu” haliondoki hata ukitoa bure. “Hii ni kazi ya serikali” ni msimamo, na ukiuchanganya na umaskini utashusha bei bila kupata mtu hata mmoja zaidi. Na kuna “nimuulize baba watoto”. Katika nyumba nyingi anayejali kupima siye anayeshika fedha, kwa hiyo andika nani angetoa hela hiyo, na inapowezekana wahoji wote wawili, kila mmoja peke yake.

Msimu nao una sauti. Ukiuliza Mtwara mwezi wa Novemba, korosho zinauzwa. Ukiuliza Januari, ada na sare zimemaliza fedha. Andika mwezi kwenye kila dodoso, na kama unaweza, rudia kwa watu wachache msimu ukibadilika.

Hatua ya 3: pesa halisi

Kama fedha inatosha hatua moja tu, ruka dodoso ufanye hii.

Chapisha kuponi 500 zenye namba, 100 kwa kila bei. Kila kuponi iandikwe: “Mwenye kuponi hii atapimwa presha na sukari kwa shilingi ...”, jina la kituo, na mwisho wake siku 14 baadaye. Zigawe kwa kaya zilizochaguliwa kama hapo juu. Muuguzi anapokea kuponi, fedha na kuandika namba kwenye rejista. Ukihesabu zilizorudi kwa kila bei, umepata utayari wa kweli, ukiwa umejumlisha nauli, foleni, jua na uvivu wetu sote.

Jirani akigundua amepewa ya 8,000 na mwenzake ya 1,000, atakasirika, na ana sababu. Zipo njia mbili za kuzuia. Ama kila kitongoji kiwe na bei yake, nawe uwe na vitongoji vya kutosha, angalau vitatu kwa kila bei, ili usichanganye bei na utajiri wa eneo. Ama iwe bahati nasibu ya wazi: mtu anaingiza mkono kwenye mfuko wa kuponi na kuchomoa yake mbele ya mjumbe. Watu hukubali bahati, hawakubali upendeleo. Siku 14 zikiisha, wapimeni wote waliobaki kwa bei ya chini kabisa, na ahadi hiyo itolewe tangu mwanzo kwa mwenyekiti lakini isitangazwe mtaani, la sivyo kila mtu atasubiri.

Kwa vikundi vidogo kuna njia nyingine, iliyowahi kutumika kaskazini mwa Ghana kwa vichujio vya maji. Mtu anataja bei ya juu kabisa anayoweza kulipa, kisha anachomoa karatasi ya bei kwenye mfuko. Ikitoka bei sawa na aliyotaja au chini yake, analipa ile iliyotoka. Ikitoka ya juu zaidi, hanunui, hata akibadili mawazo. Kwa utaratibu huo hapati faida kwa kusema uongo. Ugumu ni kueleweka: wengi hutaja ndogo wakidhani wanapatana. Fanyeni kwanza zoezi kwa kipande cha sabuni, kwa fedha kweli. Kisha kabla ya kuchomoa muulize: “Umesema 2,000. Ikitoka 2,500 hutapimwa. Hutajuta?” Akisita, mruhusu apandishe. Mara baada ya kuchomoa, hakuna kurudi nyuma, na mdodosaji akimhurumia mtu mmoja tu, habari itafika kijiji kizima kabla ya mchana.

Kama matokeo yatachapishwa au kutumika kama utafiti, kibali cha maadili cha NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu) kitangulie kwa Tanzania Bara. Hata kwa matumizi ya ndani, Mganga Mkuu wa Wilaya ajue.

Kuyasoma majibu

Tuseme kuponi zimerudi hivi, kati ya 100 kwa kila bei. Tarakimu ni za mfano:

- 1,000: watu 62
- 2,000: watu 48
- 3,000: watu 30
- 5,000: watu 14
- 8,000: watu 4

Kosa la kawaida ni kutafuta wastani na kuufanya bei. Wastani wa chini hupatikana kwa kuwapa watu bei ya mwisho waliyokubali: walioacha kati ya 1,000 na 2,000 ni 14, mara 1,000, kati ya 2,000 na 3,000 ni 18, mara 2,000, 16 mara 3,000, 10 mara 5,000, 4 mara 8,000. Jumla 180,000, gawanya kwa 100, ni shilingi 1,800. Inapendeza kwenye ripoti. Lakini karibu nusu ya watu hao 100 hawatalipa 1,800. Wastani umevutwa juu na wachache wenye nazo.

Badala yake toa shilingi 1,400 kwenye kila bei, kisha zidisha kwa waliokuja. Kwa 1,000 unapoteza 24,800. Kwa 2,000 inabaki 28,800. Kwa 3,000 inabaki 48,000. Kwa 5,000 inabaki 50,400. Kwa 8,000 inabaki 26,400. Mwenye biashara ataona 5,000 na kusimama hapo. Tazama tena: kushuka hadi 3,000 kunakunyima shilingi 2,400 tu, na watu waliopimwa wanatoka 14 kuwa 30. Ukishuka tena hadi 2,000 unaacha shilingi 19,200 na kupata watu 18 zaidi, yaani takribani 1,070 kwa kila mmoja. Kama una mfadhili au mfuko wa parokia, hiyo ndiyo hoja ya kumpelekea: kiasi gani kwa kila mtu wa ziada. Kisha angalia kama kinachobaki kinalipa saa za muuguzi na betri. Kisipolipa kwa bei yoyote, tatizo ni gharama yako au wingi wa wateja. Kupandisha bei hakutaliponya.

Watu 100 kwa kila bei wanakupa ukingo wa makosa wa karibu pointi 10 juu na chini, yaani idadi ya kweli inaweza kupita au kupungukiwa na uliyohesabu kwa kiasi hicho. Tofauti kati ya 62 na 48 ni ya kuaminika kwa kiasi. Tofauti ya 48 na 44 isingekuwa na maana. Wakiwa 60 tu, ukingo unafika kama 13. Chini ya hapo unasoma bahati.

Kisha gawanya waliokuja kwa umri, jinsia na aina ya nyumba. Ikiwa kwa bei ya 3,000 wote waliokuja ni watumishi wenye mshahara, umepata wateja lakini umekosa waliolengwa.

Kabla ya kushusha bei, badilisha siku ya kulipa

Wengi waliosema “sina” walimaanisha hawana zote kwa mkupuo. Magharibi mwa Kenya, wanachama wa vikundi vya kuchangiana waliopewa sanduku lenye kufuli na kutaja lengo la afya waliongeza matumizi yao kwa bidhaa za kinga kwa takribani theluthi mbili ndani ya mwaka. Vikundi vilivyotunza mfuko maalumu wa pamoja wa afya viliongeza zaidi. Hakuna aliyepunguziwa bei. Kubaliana na vikoba vya eneo lako: kila mwanachama aweke 250 kwa wiki, na baada ya wiki 12 muuguzi aende siku ya kikao na mashine zake. Nauli imeondoka, foleni imeondoka, na 3,000 imelipwa bila mtu kuisikia. Malipo kwa simu yanasaidia pia, ila makato ya kutuma shilingi 250 kila wiki huila hela yenyewe. Kikundi kikusanye, mhazini atume mara moja.

Bei ikishapangwa, ibandike ukutani pamoja na majina ya makundi yanayosamehewa, na msamaha uamuliwe na mtu mmoja aliyetajwa, faragha, si dirishani mbele ya foleni. Kwenye rejista ongeza safu tatu: kitongoji, amelipa kiasi gani, amerudi kurudiwa kipimo au la. Baada ya miezi mitatu linganisha idadi na ile ya kuponi. Ikipungua kwa theluthi au zaidi, anza kwa kuuliza kama stripu ziliwahi kuisha. Watu waliofika mara moja wakaambiwa “rudini wiki ijayo” hawarudi, na hawasemi ni kwa nini.